UZI: Waandishi wa uchunguzi walivyolazimisha sheria kubadilika Marekani, na nani hasa aliwapa nyaraka

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila ikitajwa habari ya uchunguzi, simulizi huwa ileile: mwandishi jasiri kaandika, wananchi wakachachamaa, serikali ikasalimu amri. Nimezifuatilia kesi za Marekani kwa muda, na naona simulizi hiyo inaruka watu wawili. Wa kwanza ni yule aliyetoa karatasi kutoka ndani. Wa pili ni yule aliyekuwa tayari mahakamani au bungeni, akizisubiri. Nitashusha kesi chache, nyingine kwa urefu, nyingine kwa kupita. Maswali ruksa.

Naanza na Ida Tarbell, kwa sababu yake ndiyo naiona imekamilika kuliko zote.

Alizaliwa 1857 magharibi mwa Pennsylvania, eneo ambalo miaka miwili baadaye lilianza kuchimbwa mafuta. Baba yake, Franklin, alitengeneza matangi ya mbao ya kuhifadhia mafuta, kisha akaingia kwenye biashara yenyewe kama mchimbaji mdogo. Mwaka 1872, binti akiwa na miaka 14, ukavuja mpango ulioitwa South Improvement Company. Makampuni ya reli yangepandisha gharama ya kusafirisha mafuta kwa kila mtu. Wanachama wa mpango wangerudishiwa sehemu ya pesa yao kimyakimya. Halafu, na hapa ndipo roho mbaya ilipo, wangelipwa pia kwa kila pipa atakalosafirisha mshindani wao. Yaani mzigo wako, gharama yako, na anayekutakia ufilisike anapata mgawo.

Wachimbaji waligoma kuuza mafuta na mpango ukafa kabla haujaanza kufanya kazi. Lakini hofu yake pekee ilitosha. Pale Cleveland, John D. Rockefeller alinunua viwanda 22 kati ya 26 vya washindani wake ndani ya miezi isiyofika mitatu. Kufikia 1880 kampuni yake ya Standard Oil ilikuwa inasafisha karibu asilimia 90 ya mafuta ya Marekani.

Miaka thelathini baadaye Tarbell ni mwandishi wa jarida la McClure's, New York. Makala yake ya kwanza kuhusu Standard Oil ilitoka Novemba 1902 na mfululizo ukaenda hadi 1904, sehemu 19. Sehemu kubwa ya alichoandika haikuwa siri. Kilikuwa kwenye majalada ya kesi za zamani, ripoti za kamati za mabunge ya majimbo, na magazeti ya miji ya mafuta. Hakuna aliyekuwa amekaa akayaweka yote mezani, akayapanga kwa tarehe. Mwenye jarida, S. S. McClure, alikubali kumlipa mshahara miaka yote hiyo ili afanye hivyo tu.

Sasa watu wa ndani. Mark Twain alikuwa rafiki wa Henry H. Rogers, mmoja wa vigogo wa Standard Oil, na kupitia kwake Rogers akakubali kuonana na Tarbell. Walizungumza mara kwa mara kwa karibu miaka miwili. Nadhani Rogers aliamini atamlainisha. Wakati huohuo kulikuwa na kijana mdogo kazini Standard Oil, ambaye miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuchoma karatasi za ofisi. Siku moja akaona kwenye karatasi hizo jina la mtu aliyewahi kumfundisha shule ya Jumapili kanisani, ambaye naye alikuwa na kiwanda kidogo cha mafuta. Akazisoma. Makarani wa reli walikuwa wanaipa Standard Oil taarifa za mizigo ya washindani: nani anasafirisha nini, kwenda wapi, lini. Kijana akampelekea mwalimu wake, na mwalimu, aliyekuwa akisoma makala za McClure's, akazifikisha kwa Tarbell.

Tarbell alizichapisha, na alipokutana tena na Rogers, kigogo huyo aliwaka. Mazungumzo yao yakaishia hapo.

Nameza mate, naendelea.

---

#2 Bandarini

Nimeweka kambi hapa. Ila mkuu, Rockefeller hakumshitaki? Pesa alikuwa nayo ya kununua mahakama nzima.

---

#3 Mleta uzi

Hakumshitaki. Alichagua kunyamaza. Lakini angeshitaki nini? Karibu kila aya ya Tarbell ilikuwa na karatasi nyuma yake, na kesi ingemlazimisha Rockefeller kuapa na kuulizwa maswali juu ya karatasi hizohizo.

Matokeo: mwaka 1906 Bunge lilipitisha sheria ya Hepburn, iliyoipa tume ya serikali mamlaka ya kuweka ukomo wa bei za reli. Novemba mwaka huohuo serikali ya Rais Theodore Roosevelt iliifungulia kesi Standard Oil. Tarehe 15 Mei 1911 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamuru ivunjwe, zikazaliwa kampuni 34.

Jambo ambalo wengi hawalisemi ni kwamba sheria iliyotumika, ya Sherman, ilikuwa imeshapitishwa tangu 1890. Ilikuwa inatumika kwa nadra. Tarbell hakuleta sheria mpya dhidi ya ukiritimba. Aliipa serikali jalada lenye ushahidi uliopangwa, na akaifanya kesi hiyo iwe na umaarufu kiasi kwamba mwanasiasa angepata kura kwa kuifungua.

---

#4 Mchokonozi

Mleta uzi, acha kutupamba. Baada ya kuvunjwa, hisa za vipande vyote zikapanda na Rockefeller akawa tajiri zaidi ya mwanzo. Kipande cha New Jersey kikawa Exxon, cha New York kikawa Mobil, na 1999 vikaungana tena. Hao hao ExxonMobil ndio mnawasikia kwenye gesi ya bahari kuu ya Lindi. Mageuzi yako wapi?

---

#5 Mleta uzi

Mchokonozi, ukweli huo siupingi, na ni sehemu ya mada. Mageuzi hayakumfilisi Rockefeller. Yaliondoa ule mchezo wa reli, ambao ndio ulikuwa unawaua wachimbaji wadogo kama baba yake Tarbell. Ukipima kwa kipimo cha "tajiri aanguke", hakuna habari ya uchunguzi iliyowahi kufanikiwa.

Kesi ya pili inaonyesha sheria inavyoweza kutua mbali kabisa na pale mwandishi alipolenga. Upton Sinclair alikaa wiki saba Chicago mwaka 1904, kwenye mtaa wa machinjio, akiwa na nguo za kibarua ili apite getini bila maswali. Alikuwa msoshalisti. Alichotaka kuonyesha ni wahamiaji wa Kilithuania na wengineo walivyokuwa wanakamuliwa: vidole vinakatika, mtu anaugua anafukuzwa, familia inatupwa nje ya nyumba. Kazi yake ikatoka kwanza 1905 kwenye gazeti la wasoshalisti, halafu kama riwaya ya The Jungle, Februari 1906.

Wasomaji walipita juu ya vidole vya wafanyakazi wakasimama kwenye kurasa chache za nyama: nyama iliyooza inatiwa dawa, panya wanaingia kwenye soseji. Roosevelt, ambaye hakumpenda Sinclair, alituma wachunguzi wawili, Charles Neill na James Reynolds, na wakakuta uchafu kweli. Tarehe 30 Juni 1906 akasaini sheria mbili kwa mpigo, ya ukaguzi wa nyama na ya usafi wa vyakula na dawa. Hii ya dawa ilikuwa na deni kwa mwandishi mwingine, Samuel Hopkins Adams wa jarida la Collier's, aliyefichua 1905 kwamba dawa nyingi za chupa zilizouzwa kwa matangazo makubwa zilikuwa pombe, kasumba na uongo.

Wafanyakazi wa machinjioni? Hawakupata hata senti moja kwenye sheria hiyo. Na ile gharama ya wakaguzi, ambayo awali ilipendekezwa walipe wenye viwanda, Bunge likaihamishia kwa walipakodi: dola milioni 3 kwa mwaka. Viwanda vikubwa vikapata muhuri wa serikali wa kuuzia nyama Ulaya, tena kwa gharama ya walipakodi. Sinclair mwenyewe alisema alilenga moyo wa umma, kwa bahati mbaya akaupiga tumbo.

---

#6 Mwalimu wa Lindi

Kwa hiyo mlaji alilindwa kwa sababu mlaji ndiye msomaji. Mfanyakazi hakununua jarida.

---

#7 Mleta uzi

Ndiyo, na mfanyakazi mhamiaji hakupiga kura pia. Mwalimu umemaliza.

---

#8 Dada wa Pangani

Wote hao ni Wazungu na wameandikia Wazungu. Weusi wa huko walikuwa hawaandiki? Au hawakusomwa?

---

#9 Mleta uzi

Dada, swali lako linaniharakisha kufika kwenye kesi niliyoitunza. Waliandika. Na mmoja wao, Ida B. Wells, mimi namweka juu ya Tarbell kwa ufundi.

Alizaliwa utumwani Holly Springs, Mississippi, 1862. Mwaka 1892 alikuwa mhariri na mmiliki mwenza wa gazeti la Free Speech, Memphis. Machi mwaka huo rafiki yake Thomas Moss, pamoja na Calvin McDowell na Will Stewart, walitolewa jela usiku na kundi la Wazungu wakauawa kwa risasi. Kosa lao la msingi lilikuwa duka. Duka lao la People's Grocery lilikuwa linachukua wateja wa Mzungu mwenye duka la jirani.

Wells alikuwa amesikia, kama wengine, kwamba watu weusi wanauawa na makundi kwa sababu ya kubaka. Moss hakubaka mtu. Basi Wells akaanza kufuatilia kesi moja baada ya nyingine, na kwa hesabu akachukua takwimu za Chicago Tribune, gazeti la Wazungu, makusudi, ili asije mtu akasema amezitunga. Katika watu 728 waliouawa ndani ya miaka minane, ni theluthi moja tu waliokuwa hata wametuhumiwa kubaka. Nasema kutuhumiwa, si kuthibitishwa. Wengine waliuawa kwa ugomvi wa pesa, kwa kujibu jeuri, kwa kutokuwa na kosa lolote.

Mei 1892, akiwa safarini, ofisi ya gazeti lake ilivunjwa na akaonywa asirudi Memphis. Hakurudi kuishi huko. Akachapisha vitabu viwili vidogo, Southern Horrors na A Red Record, akaenda Uingereza 1893 na 1894 kuhutubia, kwa sababu Waingereza ndio walikuwa wanunuzi wakubwa wa pamba ya Kusini na maneno yao yaliuma mfukoni.

Sasa hesabu ya sheria. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada dhidi ya mauaji ya makundi mara tatu: 1922, 1937 na 1940. Kila mara Seneti ikauua, maseneta wa Kusini wakitumia kanuni ya kuzungumza bila kikomo ili kura isipigwe. Wells alifariki 1931. Seneti iliomba radhi 2005. Sheria yenyewe, iliyopewa jina la Emmett Till, kijana mweusi aliyeuawa Mississippi 1955, ilisainiwa 29 Machi 2022. Toka Memphis hadi hapo ni miaka 130.

Kwa nini Tarbell miaka saba, Wells miaka 130? Takwimu zake zilikuwa safi kama za Tarbell. Ila hakukuwa na karani wa kumvujishia kitu kipya, kwa sababu hapakuwa na cha kuvujisha: mauaji yalifanywa hadharani, watu wakapiga picha, wakauza kadi za posta. Sherifu alikuwepo, waliokaa kwenye baraza la mahakama walikuwepo. Na waliouawa walikuwa wamenyang'anywa kura. Kufichua kunafanya kazi pale mwenye kosa anapoona aibu au kuogopa hasara.

---

#10 Dada wa Pangani

Nimesoma mara mbili. Hiyo ya kutumia takwimu za gazeti la upande wa pili ni akili kubwa. Asante mkuu.

---

#11 Mchokonozi

Hapo nakubali. Lakini tuletee ya karibu, hizo za kina babu tumezisikia.

---

#12 Mleta uzi

Twende 1972, kaunti ya Macon, Alabama. Idara ya Afya ya Umma ya serikali ya Marekani ilianza 1932 kuwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, wengi wao wakulima wa kupanga mashamba. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Walipewa chakula cha siku ya kliniki, usafiri, na ahadi ya gharama za mazishi, ili wakifa wapasuliwe. Matibabu halisi hawakupewa. Penisilini ilikuwa tiba ya kawaida ya kaswende kufikia 1947, bado hawakupewa. Utafiti ukaendelea miaka 40.

Hili nalo halikuwa siri. Makala kuhusu utafiti huu zilikuwa zinatoka kwenye majarida ya kitabibu tangu 1936. Madaktari walizisoma wakafunga ukurasa.

Mtu wa ndani aliitwa Peter Buxtun, mfanyakazi wa idara hiyohiyo San Francisco, kazi yake ikiwa kuhoji wagonjwa wa magonjwa ya zinaa. Aliandika malalamiko rasmi 1966, akaandika tena 1968. Mwaka 1969 jopo la wataalamu likakaa, likaamua utafiti uendelee. Buxtun akaacha kazi, akaenda kusoma sheria. Hatimaye akampa nyaraka mwandishi wa shirika la habari la AP, Edith Lederer, ambaye alizipeleka kwa mwenzake mwenye uzoefu zaidi, Jean Heller, Washington. Heller aliwapigia wahusika serikalini, nao hawakukana. Habari ilitoka 25 Julai 1972, kesho yake ikawa ukurasa wa mbele nchi nzima. Kabla mwaka haujaisha utafiti ulisimamishwa.

Wakili Fred Gray, aliyewahi kumtetea mwanaharakati Rosa Parks, akafungua kesi. Serikali ikalipa dola milioni 10 mwaka 1974. Mwaka huohuo ikapita sheria ya taifa ya utafiti, iliyolazimisha kamati za kukagua maadili na ridhaa ya mshiriki. Ripoti ya Belmont, iliyoweka misingi yenyewe, ikatoka 1979. Rais Clinton aliomba radhi 16 Mei 1997, wazee wachache waliobaki wakiwa wamekaa mbele yake.

---

#13 Nyar Kisumu

Hii imenigusa kikazi. Mimi ni msaidizi wa utafiti huku Kisumu, na utafiti wetu mwingi hulipiwa na serikali ya Marekani, kwa hivyo sheria zao za ridhaa hutufuata mpaka kijijini. Ile fomu ndefu unasomea mama kwa Dholuo au Kiswahili, kila ukurasa, "unaweza kutoka wakati wowote na hutanyimwa matibabu", watu hulalamika ni mingi sana. Kuna mzee aliwahi kuniuliza, "Mbona unaniuliza kama nakubali mara tatu?" Nitakuwa namwambia habari ya Macon.

---

#14 Mleta uzi

Mwambie. Na mwambie pia fomu haikuletwa na wema wa madaktari.

---

#15 Bandarini

Swali la kisheria. Huyo Heller, au wale waandishi wa Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Nixon, walikuwa hawaogopi kesi za kashfa? Kwetu huku mhariri analala na wakili.

---

#16 Mleta uzi

Kufikia wakati huo walikuwa na ngao. Mwaka 1960 gazeti la New York Times lilichapisha tangazo la watetezi wa Martin Luther King Jr. lenye makosa madogomadogo ya ukweli. L. B. Sullivan, kamishna wa jiji la Montgomery aliyesimamia polisi, akashitaki ingawa hakutajwa jina, na mahakama za Alabama zikampa dola 500,000. Tarehe 9 Machi 1964 Mahakama Kuu ilifuta hukumu hiyo kwa sauti moja: kiongozi wa umma akitaka fidia lazima athibitishe kwamba mwandishi alijua anaandika uongo, au hakujali kama ni uongo. Bila kesi hiyo, majimbo ya Kusini yangefilisi kila gazeti lililotuma mwandishi kuripoti harakati za haki za raia. Uchunguzi wa miaka ya sabini ulikaa juu ya hukumu hiyo.

Watergate mnaijua, siirudii. Nixon alijiuzulu 9 Agosti 1974. Ila msisahau kwamba Woodward na Bernstein, waandishi wa Washington Post walioifuatilia, walikuwa na naibu mkurugenzi wa FBI akiwanong'oneza, na kanda zilizommaliza Nixon zilitolewa kwa amri ya mahakama.

---

#17 Mwalimu wa Lindi

Na ile ya mapadre wa Boston?

---

#18 Mleta uzi

Ile ni kesi ya majalada yaliyofungwa. Wakili Mitchell Garabedian alikuwa akiwatetea waathirika wa padre John Geoghan, aliyewanyanyasa watoto kingono, nyaraka za kanisa zikiwa chini ya kufuli la mahakama. Mhariri mpya wa Boston Globe, Marty Baron, alifika Julai 2001, na mwezi uliofuata gazeti likaiomba mahakama ifungue. Jaji akakubali. Mfululizo ulianza 6 Januari 2002, Kardinali Law, askofu mkuu wa Boston, akajiuzulu Desemba. Majimbo kadhaa yakaanza kulegeza ukomo wa muda wa kushitaki kesi za watoto, kazi ambayo imeendelea miaka na miaka kwa sababu kila jimbo lina bunge lake.

---

#19 Mchokonozi

Haya, ya mwisho mkuu. Siku hizi magazeti ya mikoani huko yanakufa, watu wako kwenye simu. Hii biashara si imeisha?

---

#20 Mleta uzi

Yanakufa kweli, na ndiyo maana namalizia na gazeti la mkoani. Indianapolis Star, Agosti 2016. Shirikisho la mazoezi ya viungo la Marekani makao yake yalikuwa mji huohuo. Mwandishi Marisa Kwiatkowski alidokezwa, akasafiri hadi jimbo la Georgia kuchukua majalada ya kesi kabla hayajafungwa. Tarehe 4 Agosti wakachapisha: shirikisho lilikuwa linapokea malalamiko ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya makocha, linayaweka kwenye mafaili, polisi hawaambiwi.

Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa, hakutajwa popote kwenye habari ile. Lakini siku hiyohiyo Rachael Denhollander, wakili na mwanamichezo wa zamani, aliisoma na kuwaandikia barua pepe: aliyenidhuru mimi si kocha, ni daktari wa timu. Alikuwa ametunza rekodi zake za hospitali. Tarehe 12 Septemba jina lake na la Nassar yakachapishwa, na simu zikaanza kumiminika. Januari 2018 zaidi ya wanawake 150 walisimama mahakamani Michigan, Nassar akahukumiwa miaka 40 hadi 175. Februari mwaka huo ikasainiwa sheria inayowalazimisha watu wazima kwenye mashirika ya michezo kupeleka tuhuma kwa vyombo vya dola haraka.

Denhollander alikuwa na habari hiyo kwa miaka 16. Siku ile ndiyo alipoona anuani ya mtu wa kumwandikia.